Msiwatwike Marehemu Lawama: Barua ya Wazi Kuhusu Moto Ndani ya Ndege

Kwa wakuu wa mamlaka za usafiri wa anga Afrika Mashariki,
Kwa wachunguzi wakuu wa ajali za ndege,
Kwa wasimamizi wa safari za Hija na Umra,

Waheshimiwa,

Assalamu alaykum, na kwa wasio wa dini yangu, salamu za heshima.

Kazi yangu ni kuwasindikiza mahujaji. Wengi wao ni wazee waliodunduliza miaka na miaka, na wengi hupanda ndege kwa mara ya kwanza katika safari hiyo hiyo. Nawaandikia kuhusu jambo linaloniumiza kila inapoenea habari ya moto ndani ya ndege, popote pale duniani. Kabla majivu hayajapoa, watu wamekwisha kumpata mkosaji, na mkosaji ni abiria. Alibeba kitu kisichotakiwa, au aliwasha kitu, au alirudi kuchukua begi lake. Mshamba yule, hajui ndege. Mara nyingi anayesemwa hivyo amekwisha kufa, na watoto wake wanayasoma maneno hayo kwenye simu kabla hawajapewa mwili wa kuzika.

Najua ninyi hamyaandiki maneno hayo. Ila ninyi ndio mnaoshika ukweli, na ukweli ukikaa kabatini, uvumi unatembea.

Nianze na ajali ambayo sisi wa safari za Hija tumeisikia mara nyingi, na mara nyingi tumeisikia vibaya. Tarehe 19 Agosti 1980, ndege ya Saudia aina ya Lockheed TriStar, safari namba 163 kutoka Karachi, iliruka Riyadh kwenda Jeddah saa 3:08 usiku. Ndani walikuwamo watu 301, wakiwemo mahujaji. Hata dakika 7 hazijatimia vizuri, kengele ya moshi ikalia chumba cha marubani: moshi uko sehemu ya mizigo ya nyuma, iliyoitwa C3. Zikapita zaidi ya dakika 4 wakihakikisha kama kengele inasema kweli, ndipo wakageuza kurudi Riyadh. Moto ulipanda kutoka chini, ukatoboa sakafu ya abiria. Ukaunguza hata waya wa kuongozea injini ya katikati, rubani akalazimika kuizima injini hiyo wakati ndege inakaribia kutua. Wahudumu walipambana na moto kwa vizimio vya mkononi huku wakiwasihi watu wakae. Waliuliza zaidi ya mara moja kama wawatoe abiria wakishatua. Neno la mwisho walilopewa kabla ya kutua lilikuwa wasiwatoe.

Ndege ilitua salama. Nalirudia hili kwa sababu wengi hawalijui: ilitua salama, saa 3:36 usiku, ikiwa nzima, katika uwanja wenye zimamoto. Lakini haikusimama pale pale. Ilikwenda hadi mwisho wa njia, ikakata kona, ikaingia njia ya pembeni, na ikasimama dakika 2 na sekunde 39 baada ya magurudumu kugusa ardhi. Injini mbili zilizobaki zikaendelea kunguruma kwa dakika nyingine 3 na zaidi, na waokoaji hawakuweza kuikaribia milango injini zikiwaka. Zilipozimwa, hakuna mlango uliofunguliwa kutoka ndani. Nje, zimamoto walihangaika na milango wasiyofundishwa kuifungua. Mlango wa kwanza ulifunguka saa 4:05 usiku, karibu nusu saa tangu kutua. Dakika chache baadaye moto ukalipuka ndani na kuteketeza kila kitu. Watu wote 301 walifariki, na karibu wote walikutwa sehemu ya mbele, walikokimbilia kuukwepa moshi.

Sasa sikilizeni kilichobaki midomoni mwa watu. Itajeni ajali hiyo leo penye mazungumzo ya safari, na kuna atakayewaambia: "Ah, ile ya mahujaji waliopika chai ndani ya ndege." Uvumi huo ulikuwa na pa kuanzia. Katika mabaki yalikutwa majiko mawili madogo ya gesi, na karibu na moja kikakutwa kizimio cha moto kilichotumika. Basi hadithi ikakamilika: maskini wa watu, hawajui ndege, wamewasha jiko kwenye korido, wamejichoma wenyewe na wenzao.

Ripoti ya uchunguzi ilitoka mwaka 1982, na haikusema hivyo. Ilisema moto ulianzia katika sehemu ya mizigo ya C3, chini ya miguu ya abiria, na kwamba kilichouwasha hakikubainika. Kisha ikataja yaliyozidisha msiba. Rubani mkuu hakuwaandaa wahudumu kuwatoa watu mara tu ndege itakapotua, hakuisimamisha ndege haraka iwezekanavyo njiani, na hakuwatumia ipasavyo wenzake wa chumba cha marubani. Wakuu wa zimamoto wa uwanja nao hawakuhakikisha watu wao wana vifaa na mafunzo. Hakuna jiko katika sababu hizo. Hakuna hujaji. Hata hivyo zaidi ya miaka 40 imepita na jiko bado linasimuliwa, kwa sababu ripoti ni kurasa nyingi za kitaalamu zilizoandikwa kwa lugha ya wataalamu, na hadithi ya jiko inamalizwa kwa sentensi moja.

Haki inanitaka niseme pia kwamba hofu ya majiko haikuzuka hewani. Miezi 9 kabla ya hapo, tarehe 26 Novemba 1979, Boeing 707 ya shirika la Pakistan, PIA, iliyokuwa inawarudisha mahujaji kutoka Jeddah kwenda Karachi, iliwaka moto nyuma ya chumba cha abiria ikaanguka karibu na Taif. Walikufa watu 156. Pale wachunguzi waliona inawezekana mafuta yalivuja kutoka kwenye jiko lililobebwa na hujaji. Waliliandika kama jambo linalowezekana, na walifikiria pia hitilafu ya umeme. Kwa hiyo siwaambii kwamba abiria hakosei kamwe. Nimewahi kumtoa mama mmoja jiko la mchina kwenye mfuko wa nguo, limefungwa kwa khanga, na mafuta yake bado yanacheza ndani. Alishangaa kweli kweli. Hakuna aliyewahi kumweleza. Alikuwa amepita kwa ofisi iliyomuuzia safari, kwa aliyempa viza, kwa aliyempigia picha, kwa aliyemchanja, na katika wote hao hakuna aliyemwambia neno moja kuhusu jiko.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wanaocheka. Abiria asiyejua amefikishwa mlangoni pa ndege na mlolongo wa watu wanaojua.

Na ipo ya tatu. Tarehe 11 Julai 1991, ndege ya DC-8 ya kampuni ya Nationair ya Kanada, iliyokodiwa kuwarudisha mahujaji wa Nigeria kutoka Jeddah kwenda Sokoto, iliwaka moto tangu iko njiani kuruka. Walikufa wote 261. Abiria hawakufanya lolote. Matairi yalikuwa na upepo mdogo. Mafundi walilijua hilo siku kadhaa kabla, lakini yakaachwa hivyo hivyo kwa sababu ya pilikapilika za ratiba, na vipimo vilivyoandikwa kwenye kumbukumbu vikapotoshwa. Tairi moja likazidiwa na uzito, likapasuka, msuguano ukawasha moto, magurudumu yakakunjwa ndani yakiwaka, na moto ukala kuelekea juu hadi kwa watu waliokuwa wamefunga mikanda kama walivyoambiwa. Marubani waliona hitilafu moja baada ya nyingine bila kujua kwamba zote ni moto mmoja.

Ndege tatu, zote zikiwa na mahujaji ndani, watu 718 kwa jumla. Katika moja jiko lilishukiwa. Katika nyingine chanzo hakikujulikana, lakini waliokuwamo walifika ardhini hai wakaachwa ndani. Katika ya tatu ni upepo wa matairi na bosi mwenye haraka. Lakini kwa watu wa kawaida zote zimeshonwa zikawa hadithi moja, ile ya hujaji na jiko lake. Marehemu wa Sokoto wamebebeshwa jiko ambalo hawakuwa nalo.

Tabia hii haikuisha na miaka ya 80. Mei 5, 2019, ndege ya Aeroflot aina ya Sukhoi Superjet ilirudi uwanja wa Sheremetyevo, Moscow, baada ya kupigwa na radi. Ikatua kwa kishindo, ikadunda, matangi ya mafuta yakatoboka, nyuma yote ikawa moto. Walikufa 41 kati ya watu 78. Video zikaonyesha baadhi ya walionusurika wakitembea uwanjani na mabegi, na siku zile nzima ghadhabu ya mitandao iliwashukia hao wenye mabegi, kana kwamba wao ndio walioipiga ndege chini. Sitetei kuchukua begi. Begi moja kwenye korido linaweza kumzuia mtu aliye nyuma yako, na sekunde katika moshi ni chache mno. Lakini yapo maswali kuhusu namna ndege ilivyotuliwa na namna ilivyojengwa, na maswali hayo yalipotea kwenye kelele za mabegi.

Kisha tukaona Tokyo. Januari 2, 2024, Airbus A350 ya Japan Airlines iligongana na ndege ya walinzi wa pwani uwanjani Haneda. Walinzi 5 walifariki, Mungu awafariji jamaa zao. Ndani ya ile kubwa walikuwamo watu 379, moshi umejaa, kipaza sauti hakifanyi kazi, na wote 379 walitoka, karibu wote mikono mitupu. Wengi walisema ni nidhamu ya Wajapani. Mimi naona zaidi ya hapo. Wahudumu walipiga kelele kwa lugha ambayo abiria walio wengi waliielewa, walikuwa wamefanyishwa mazoezi ya kuchagua mlango usio na moto, na abiria waliwaamini. Hiyo ni kazi iliyofanywa kabla ya siku ile, na waliolipwa kuifanya waliifanya.

Waheshimiwa, linganisheni na ninayoyaona mimi. Ndege imejaa wazee kutoka Tanga, Lindi, Pemba, Lamu. Tangazo la usalama linatolewa kwa Kiingereza, halafu Kiarabu, ndege inaanza kusogea. Kikongwe mmoja aliyekaa kando yangu aliichukua ile kadi ya picha, akaigeuza juu chini, akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, hii ni ya kujipepea?" Nikamwonyesha mlango wake uko wapi, nikahesabu naye viti kwa kugusa migongo ya viti, mpaka mlangoni, ili gizani apapase. Akanishika mkono akasema, "Basi Mungu akuweke, maana hawa mabinti wamesema mengi na mimi sikuambulia." Mabinti wale walifanya walivyoagizwa. Aliyeagiza ndiye ninayemwandikia.

Ndege kubwa haipewi kibali cha kubeba abiria mpaka ionyeshwe kwamba watu wote wanaweza kutoka kwa sekunde 90, nusu ya milango ikiwa imefungwa. Hicho ndicho kipimo. Lakini wanaofanyiwa majaribio yale wanaelewa wanachoambiwa. Baada ya moto wa Manchester wa Agosti 22, 1985, ambapo Boeing 737 ya British Airtours iliungua uwanjani kabla hata haijaruka na watu 55 wakafa, wengi wao kwa moshi, wataalamu wa Chuo cha Cranfield waliwalipa watu wa kujitolea nyongeza ya pauni 5 kwa kila aliyekuwa katika nusu ya kwanza ya kutoka. Palitokea msongamano na watu kukwama milangoni, kwa pauni 5 tu. Ndipo ikaeleweka kwa nini nafasi ya kufikia mlango wa juu ya bawa inapaswa kuongezwa. Waliuliza mwanadamu aliyeogopa anafanya nini, badala ya kumsuta kwa kuogopa. Uchunguzi wa namna hiyo ndio ninaouomba.

Na wakati mwingine uchunguzi unakuwepo, lakini hatua zinachelewa. Ile sehemu ya C3 ya Riyadh ilikuwa ya aina isiyolazimika kuwa na mtambo wa kuzima moto. Dhana ilikuwa kwamba moto utakosa hewa na kufa wenyewe, kama unavyofunika sufuria ya mafuta iliyoshika moto. Riyadh ilionyesha kwamba mfuniko unatoboka. Ikapita miaka 16, ndege ya ValuJet ikaanguka kwenye kinamasi cha Everglades, Florida, Mei 11, 1996, na watu 110 wakafa kwa moto ulioanzia sehemu ya mizigo ya aina hiyo hiyo. Ni mwaka 1998 Marekani ilipoagiza sehemu hizo ziwekewe vitambua moshi na mitambo ya kuzima, na mashirika yakapewa mpaka 2001. Hesabuni wenyewe tangu 1980.

Sasa moto umebadilisha nguo. Siku hizi hofu yetu ni betri, hasa pawabenki. Januari 28, 2025, ndege ya Air Busan iliungua uwanja wa Gimhae, Korea Kusini, moto ukianzia kwenye kabati la juu la mizigo. Watu wote 176 walitoka hai, na macho ya wachunguzi yakaelekea kwenye pawabenki. Tangu Machi mwaka huo Korea imekataza kuziweka kwenye makabati ya juu, abiria akae nayo karibu ili ikitoa moshi ionekane. Tangu Oktoba 2025 Emirates, ambayo wengi wetu tunaipanda kupitia Dubai, inaruhusu pawabenki moja tu kwa abiria, na ni marufuku kuitumia hewani. Kanuni hizi zina maana. Betri ya lithiamu ikipata hitilafu inajipasha yenyewe mpaka iwake, na kwenye kabati lililojaa nguo hakuna anayeiona mapema. Ikiwa mizigo ya chini ndiyo kabisa, hakuna mkono wa kuifikia.

Lakini mzee wangu wa Lindi ameyapata wapi haya? Anafika uwanjani, askari anaitoa pawabenki kwenye begi kubwa, anaitupa kwenye ndoo, hamwambii kwa nini. Mzee anaona amedhulumiwa. Safari inayofuata ataificha vizuri zaidi, ndani ya soksi, ndani ya kiatu, chini kabisa ya begi. Pale pale tumeitengeneza hatari tuliyokuwa tunaizuia. Na siku ikiwaka, Mungu aepushe, mitandao itaandika: mshamba na pawabenki yake.

Ninachoomba hakihitaji bajeti ya kutisha.

Tangazo la usalama litolewe kwa Kiswahili katika kila ndege inayochukua abiria kutoka viwanja vyetu, iwe ya kwetu au ya kigeni. Lirekodiwe tu kama wahudumu hawakijui. Ninyi ndio mnaotoa vibali vya kutua. Liwekeni kwenye masharti. Semina za mahujaji zinafanyika kila mwaka, tunafundishwa tawafu na sai kwa vitendo, tunazunguka mfano wa Kaaba uliochongwa kwa mbao. Nusu saa ya semina hiyo itumike kufundisha mkanda, moshi, mlango, begi na betri, kwa vitendo vile vile. Nitakuwa wa kwanza kuleta viti vya kufanyia mazoezi.

Zimamoto wa viwanja vyetu, pamoja na vile vidogo, wafundishwe kufungua milango ya kila aina ya ndege inayotua pale, na tuambiwe hadharani mara ya mwisho walifanya zoezi lini. Nayataja haya nikiikumbuka Bukoba. Novemba 6, 2022, haikuwa moto, ilikuwa maji, ndege ya Precision Air ilipotumbukia Ziwa Victoria na watu 19 kati ya 43 wakafa. Waliofika mwanzo ni wavuvi na mitumbwi yao. Taifa likawasifu, na walistahili. Swali la kwa nini walifika wao kwanza linastahili jibu refu kama sifa zile.

Na kuhusu uchunguzi wenyewe. Kiambatisho cha 13 cha Mkataba wa Chicago, mkataba wa kimataifa wa usafiri wa anga ambao nchi zetu zote zimejiunga nao, kinataka ripoti ya awali ndani ya siku 30, na ya mwisho ndani ya miezi 12 inapowezekana. Ikishindikana, taarifa ya maendeleo itolewe kila mwaka siku ile ile ya ajali. Kinasema pia kwamba lengo ni kuzuia ajali nyingine, siyo kumtafuta wa kulaumiwa. Basi tunaomba kila ripoti itoke na muhtasari wa Kiswahili, kurasa chache, siku ile ile inapotoka ya Kiingereza, na usomwe redioni. Familia zipewe kwanza, zikiwa zimekaa pamoja na mchunguzi anayeweza kujibu maswali, kabla waandishi hawajapewa. Na pale uvumi unapomtaja abiria, mchunguzi mkuu ajitokeze siku hiyo hiyo aseme kinachojulikana na kisichojulikana. "Chanzo bado hakijabainika, na hatuna ushahidi wowote unaomgusa abiria" ni maneno machache tu. Yangesemwa kwa sauti mwaka 1980, na kurudiwa, yangewasitiri marehemu wa Riyadh.

Wasimamizi wa safari za Hija, hili lingine ni lenu peke yenu: kabla ya kusaini mkataba na kampuni ya kukodi ndege, ombeni kuona rekodi za matengenezo, na mpeleke fundi wa kwenu azisome. Ndege ya Sokoto ilikuwa ya kukodi.

Semina za msimu ujao zitaanza punde. Naomba tangazo la Kiswahili liwe tayari kabla ya kundi la kwanza kuondoka, na naomba jibu lenu la maandishi, hata kama ni la kukataa, ili niwasomee wazee wangu.

Wenu katika huduma,
Msindikizaji wa mahujaji,
Tanga